Kipaji Bila Ukumbi: Funzo la Majukwaa ya Chicago

Wakubwa wa mji wakutanapo kuzungumza juu ya uchumi, hutaja viwanda, reli, bandari na masoko. Ni nadra kusikia wakitaja ukumbi wa michezo ya kuigiza, jukwaa la vichekesho, okestra au nyumba ya sinema. Starehe huhesabiwa kuwa jambo la jioni, la watu waliokwisha kufanya kazi ya maana mchana. Fikra hiyo ni potofu. Starehe ni kazi kama kazi nyingine: ina wafanyakazi, ina mitambo, ina faida, na ina wenye mali. Na kama ilivyo katika kazi nyingine zote, swali la kwanza la kuuliza ni hili: nani anayevuja jasho, na nani anayeweka ufunguo mfukoni?

Mji unaolijibu swali hili kwa uwazi mkubwa ni Chicago, huko Marekani, na hasa mitaa ya kusini ya mji huo, walikoishi watu weusi baina ya mwaka 1905 na mwaka 1930. Katika robo karne hiyo State Street ilijaa michezo ya kuigiza, vodevili, matamasha ya muziki na sinema bubu. Waliotokea katika majukwaa yake wamesikika dunia nzima. Lakini robo karne hiyo ilipokwisha, watu waliozijaza kumbi hizo hawakubaki na umiliki wa kitu kikubwa. Sababu haikuwa upungufu wa vipaji.

MILKI YA MTU MMOJA

Kabla ya mwaka 1905 mtu mweusi wa Chicago aliyetaka kuona mchezo alikwenda katika kumbi za katikati ya mji. Sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1885 ilikataza ubaguzi katika nyumba za starehe, lakini sheria ya kwenye karatasi haikumzuia bawabu kumwelekeza mteja mweusi kwenye viti vya roshani. Akiisha kuketi huko juu, alichoonyeshwa jukwaani mara nyingi ni Mzungu aliyejipaka masizi usoni, akimwigiza mtu mweusi kama mjinga, mwizi wa kuku na mcheza ovyo. Yaani alilipa fedha zake ili akatukanwe.

Ndipo Robert Motts, mtu mweusi aliyekuwa na baa na aliyejipatia mali pia kwa mambo ya kamari, alipofungua Pekin Theatre katika State Street, kona ya barabara ya 27. Huo ulikuwa mwaka 1905, mwaka ule ule ambao Robert Abbott alianzisha gazeti la Chicago Defender. Pekin huhesabiwa kuwa ukumbi wa kwanza wa michezo ya muziki na vodevili nchini Marekani uliomilikiwa na mtu mweusi na kuwa na kikundi chake wenyewe cha waigizaji. Muziki wake uliongozwa na Joe Jordan, mtunzi hodari.

Kikundi cha kudumu ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mwigizaji anayehama mji hadi mji hurudia kila usiku kile kile kilichokwisha kupigiwa makofi, kwa sababu hana nafasi ya kujaribu jipya. Mwigizaji mwenye ukumbi hujaribu leo, hukosea, na kesho hurekebisha mbele ya watazamaji wale wale. Charles Gilpin alijiunga na waigizaji wa Pekin mwaka 1907, akajifunza kucheza kila aina ya mtu. Mwaka 1920 ndiye aliyeutikisa mji wa New York katika mchezo wa The Emperor Jones. Flournoy Miller na Aubrey Lyles waliandika michezo kwa ajili ya Pekin, ukiwamo The Mayor of Dixie, na kutokana na mchezo huo ukazaliwa mwaka 1921 Shuffle Along, mchezo wa muziki uliowafungulia weusi tena milango ya Broadway. New York ilivuna, lakini shamba lilikuwa Chicago.

Wapo waliouchukia ukumbi huo tangu mwanzo, na baadhi yao walikuwa watu wa heshima. Mwaka 1906 Ida B. Wells, mwandishi shujaa aliyepinga mauaji ya watu weusi waliochinjwa na makundi ya Wazungu bila kufikishwa mahakamani, aliamua kuutumia Pekin kwa onyesho la kuchangia kituo cha Frederick Douglass Center. Baadhi ya wachungaji walipiga kelele kwamba fedha za Motts zilitokana na kamari, na kwamba si halali watu wema kuingia katika nyumba yake. Wells hakurudi nyuma. Hoja yake ilikuwa wazi: kama mtu huyo ameacha baa na kujenga mahali safi pa kuwakutanisha watu, wajibu wa jamii ni kumsaidia abaki katika njia hiyo. Waliopinga walitazama fedha zilikotoka. Yeye alitazama zilikokwenda.

Hata hivyo Pekin ilikuwa na kasoro moja ambayo sifa zote haziwezi kuifunika. Ilikuwa mali ya mtu mmoja. Motts alifariki dunia mwaka 1911, na ukumbi ukaanza kupoteza njia. Ulipita katika mikono mbalimbali, ukawa mahali pa dansi, na mwishowe jengo likageuzwa kuwa kituo cha polisi. Mlango uliokuwa ukiingiwa kwa tiketi ukawa unaingiwa kwa pingu. Wale waliosimama jukwaani na wale waliolipa viingilio hawakuwa na sauti juu ya jambo hilo, maana hawakuwahi kuwa na hisa.

MNYORORO WA KUMBI

Vodevili ilikuwa onyesho la mchanganyiko. Jioni moja mtazamaji alipata mwimbaji, wachekeshaji wawili, mcheza sarakasi, mtu wa mazingaombwe, wacheza dansi na pengine mchezo mfupi, kila mmoja kwa dakika chache. Nguvu yake haikuwa katika jukwaa moja. Msanii wa vodevili aliishi kwa kuhama kila wiki, na kwa hiyo aliyetawala ni yule aliyezishika kumbi nyingi kwa pamoja na kuamua nani aende wapi, lini, na kwa ujira gani. Makampuni makubwa ya Wazungu yalikuwa na minyororo ya namna hiyo kutoka pwani hadi pwani, na aghalabu yalikubali kundi moja tu la weusi katika onyesho zima.

Mwaka 1920 likaundwa shirika la wenye kumbi zilizohudumia watazamaji weusi, Theatre Owners Booking Association, lililojulikana kwa herufi zake TOBA. Haki yake lipewe. Kabla ya hapo msanii mweusi aliweza kusafiri mwendo mrefu na kukuta ukumbi umefungwa na meneja ametoweka. TOBA ilileta ratiba. Ma Rainey, Bessie Smith na wengine wengi walipita katika majukwaa yake, na Chicago ilikuwa moja ya vituo vyake vikubwa.

Lakini jina lenyewe lilisema ukweli: hilo lilikuwa shirika la wenye kumbi. Wengi wao walikuwa Wazungu, na rais wake, Milton Starr, alikuwa mfanyabiashara wa Nashville. Wasanii walijilipia nauli kutoka mji hadi mji, ujira ulikuwa mdogo, na vyumba vya kuvalia vilikuwa aibu. Ethel Waters ameeleza katika kitabu cha maisha yake hali ya ukumbi wa Monogram wa Chicago: wasanii walivalia chini kabisa, karibu na tanuri la kupashia jengo joto, mahali ambapo dari ilikuwa fupi hata mtu akalazimika kuinama. Tena reli ya juu ilipita karibu sana, hata mwimbaji alilazimika kukatiza wimbo katikati na kungoja garimoshi lipite ndipo aendelee. Si ajabu basi kwamba wasanii wenyewe walizisoma herufi nne za TOBA kwa maana nyingine, kuwa ni ugumu kwa wasanii weusi.

Na bado katika hali hiyo walitenda maajabu. Mwaka 1924 Ma Rainey alitokea katika ukumbi wa Grand, State Street, akisindikizwa na bendi iliyoongozwa na Thomas Dorsey, ambaye baadaye ndiye aliyekuja kuitwa baba wa muziki wa injili. Pazia lilipofunguka palionekana gramafoni kubwa mno. Sauti ikasikika kutoka ndani yake, kama vile santuri inapigwa, kisha mlango wa gramafoni ukafunguka na mwimbaji mwenyewe akatoka. Watazamaji walishangilia. Mtu alikuwa ametoka katika mashine mzima, mwenye pumzi. Miaka michache tu baadaye safari iligeuka, na mashine ikaanza kuwameza watu.

SINEMA ISIYOKUWA BUBU

Jina la sinema bubu linadanganya. Picha ndizo zilizokuwa bubu. Nyumba za sinema zilikuwa na kelele tele. Katika kijumba cha senti chache palikuwa na mpiga piano mmoja. Katika ukumbi mkubwa palikuwa na okestra nzima iliyokaa chini ya jukwaa, ikifuatisha picha kwa muziki wa huzuni, wa mbio, wa mapenzi au wa vita, na baina ya picha ikatoa tamasha lake yenyewe.

Watu walikuwa tele wa kuzijaza kumbi hizo. Mwaka 1910 watu weusi wa Chicago walikuwa 44,103. Mwaka 1920 walikuwa 109,458, na mwaka 1930 walifikia 233,903. Hawa walitoka Kusini wakikimbia mashamba ya unyonyaji na kitanzi cha wauaji, wakaja kufanya kazi katika machinjio na viwanda vya chuma. Walikuwa na ujira wa kila wiki, na jioni walitaka mahali pa kukaa bila ya kuelekezwa kwenye roshani.

Ukumbi wa Vendome, uliofunguliwa State Street mwaka 1919, uliwapatia mahali hapo. Okestra yake iliongozwa na Erskine Tate, na ilipiga vipande vya opera na muziki wa kitaalamu wa Ulaya pamoja na jazi moto moto. Mwezi Desemba 1925 alijiunga nayo kijana mpiga tarumbeta aitwaye Louis Armstrong. Katika piano alikaa, kwa wakati wake, Earl Hines. Wengi walikata tiketi kwa ajili ya okestra, na filamu ikawa nyongeza tu. Katika Chicago Defender, Dave Peyton, ambaye mwenyewe alikuwa kiongozi wa okestra, aliandika safu ya kila wiki akiwahimiza wanamuziki wafanye mazoezi, wafike kwa wakati, na wasipige jazi ya kuchekesha wakati picha inaonyesha msiba. Baadhi ya wasomaji walimwona mkali na mwenye kuiga mno utaratibu wa Wazungu. Lakini alichokuwa akikipigania ni riziki: kwa mwanamuziki, sinema bubu ilikuwa mwajiri wa kudumu, mwenye mshahara wa kila wiki, asiyemlazimisha kulala katika magarimoshi.

Walikuwapo pia waliofahamu kuwa haitoshi kupiga muziki chini ya picha za wengine. William Foster, aliyepata kufanya kazi na Pekin, alianzisha kampuni ya filamu, na mnamo mwaka 1913 akatoa filamu ya vichekesho juu ya maisha ya weusi wa kawaida, The Railroad Porter. Oscar Micheaux alikwenda mbele zaidi. Mwezi Januari 1920 alionyesha katika Vendome filamu yake Within Our Gates, iliyothubutu kuonyesha familia ya weusi ikiuawa na kundi la Wazungu. Ilikuwa nusu mwaka tu tangu ghasia za Julai 1919, ambazo katika mji huo huo ziliua watu 38, weusi 23 na Wazungu 15. Chicago ilikuwa na amri ya ukaguzi wa filamu tangu mwaka 1907, iliyompa mkuu wa polisi uwezo wa kutoa au kunyima kibali. Wakaguzi waliikataa filamu hiyo kwanza kwa hofu ya ghasia mpya, ikaja kuruhusiwa baada ya mabishano na baada ya baadhi ya sehemu kukatwa. Serikali ya mji ambayo haikuweza kuwalinda watu wasiuawe ilikuwa hodari wa kuzuia mauaji yasitazamwe.

MASHINE NA MABWANA WAKE

Mwezi Oktoba 1927 sinema ilianza kusema na kuimba. Mwezi Februari 1928, katika barabara ya 47, ulifunguliwa ukumbi wa Regal, wenye viti karibu 3,000, mapambo ya kifahari na okestra ya Dave Peyton mwenyewe. Ulikuwa mali ya makampuni ya Wazungu ya katikati ya mji. Watazamaji wakauhama mtaa wa zamani wa State Street na vikumbi vyake wakahamia huko. Hakuna haki ya kuwalaumu. Baada ya miaka mingi ya kukalishwa nyuma, ni nani asiyetaka kuketi katika kiti cha mahameli na kuhudumiwa na watu wa rangi yake?

Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo. Waya za sauti zilipofungwa katika kila ukumbi, okestra zikawa gharama isiyo na faida. Wanamuziki waliachishwa kazi kwa maelfu katika Marekani nzima, weusi na Wazungu. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa mwaka 1929, na TOBA ikaporomoka mnamo mwaka 1930. Wenye majina makubwa walikwisha kwenda New York; wasiokuwa na majina walibaki na vyombo vyao nyumbani. Wenye kumbi walibadilisha mtambo, basi. Regal yenyewe iliendelea kuwa na sifa kwa miaka mingi, hata ikabomolewa mwaka 1973.

Yupo atakayesema kwamba hapa mkosaji ni teknolojia, na kwamba hata kama weusi wangemiliki kila ukumbi wa State Street, mashine ingewaachisha kazi vile vile. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na haifai kupuuzwa. Mwenye ukumbi mdogo asingeweza kununua mitambo ya sauti kwa urahisi, awe mweusi awe Mzungu. Isitoshe, mkasa wa Pekin umekwisha kuonyesha kuwa tajiri wa rangi yako akifa, mali huenda na warithi na wadai wake.

Basi jibu lisitafutwe kwa tajiri mmoja mwema. Litafutwe mahali pengine katika mji huo huo. Mwaka 1902 wanamuziki weusi wa Chicago, waliofungiwa mlango na tawi la Wazungu, waliunda tawi lao la chama cha wafanyakazi, Local 208, la kwanza la aina yake nchini Marekani. Waliopiga katika Vendome na Grand walipata ulinzi wake katika viwango vya mishahara na mikataba. Sinema yenye sauti ilikiumiza chama hicho lakini haikukiua; kilidumu mpaka mwaka 1966, kilipoungana na tawi la Wazungu. Pekin chini ya Motts iliishi miaka 6. Chama cha wanamuziki kiliishi miaka 64. Tofauti yake haikuwa ya fedha, maana Motts alikuwa na fedha kuliko mpiga tarumbeta yeyote. Tofauti ni kwamba chama kilikuwa mali ya wanachama, na mwanachama mmoja akifa, chama hakizikwi naye.

MALI BILA DAFTARI

Kuna hasara nyingine ambayo haikuonekana siku ile. Mali bila daftari hupotea bila habari. Uchunguzi uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa katika filamu ndefu karibu 11,000 zilizotolewa na makampuni ya Marekani katika zama za sinema bubu, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika hali yake ya asili. Hayo ndiyo yaliyoyapata makampuni yenye maghala na makarani. Filamu ya William Foster imepotea kabisa. Within Our Gates ilidhaniwa kupotea nayo, hata nakala moja ikapatikana Hispania, ikiwa na maandishi ya Kihispania na jina jingine. Maktaba ya Bunge ikaitengeneza upya mwaka 1993. Kumbukumbu ya watu wa Chicago ya mauaji waliyoyakimbia ilihifadhiwa ng'ambo ya bahari, na watu ambao haikutengenezwa kwa ajili yao.

Na michezo ya Pekin je? Vichekesho vya Monogram? Muziki ambao okestra ya Tate iliupiga usiku baada ya usiku mbele ya picha? Santuri chache zimesalia kuwa ushahidi. Mengine yalikwenda na hewa. Asiyekuwa na ukumbi hana kabati, na asiyekuwa na kabati hana pa kuweka nakala.

Hili si jambo la Chicago peke yake, wala si la miaka ile tu. Msanii wa leo hahitaji kungoja garimoshi lipite ndipo aendelee na wimbo. Huimba katika simu na kusikika ng'ambo usiku ule ule. Lakini mtambo unaomsikizisha una wenyewe, na wanaweza kubadilisha masharti asubuhi bila kumwuliza, kama wenye kumbi wa mwaka 1928 walivyofunga waya za sauti bila kuiuliza okestra.

Kwa hiyo mji unaojivunia wasanii wake usiridhike na kuwapigia makofi. Uulize jengo wanamofanyia kazi ni la nani, na likiuzwa kesho wao watakwenda wapi. Uulize mkataba wao umeandikwa na nani. Uulize kama wana chama kisichotegemea uhai wa mtu mmoja, na kama nakala za kazi zao zimewekwa mahali ambapo wajukuu watazikuta. Mji usioweza kujibu maswali hayo bado unao wasanii, lakini hauna sanaa iliyo yake.